Somo la Ngozi: Mafuta ya Usiku kwa Mama Mwenye Ngozi Kavu

Keti, mpakate mtoto, usikilize vizuri. Kama mwenzako hajui kusoma, umsomee kwa sauti.

Siku za kliniki, wakati wa kupima watoto kilo, akina mama hutuonyesha visigino vilivyopasuka na mikono iliyokauka kama gome la mti. Mmoja husema, "Muganga, ngozi yangu iko inawasha usiku mzima, nipake nini?" Mwingine hutoa boksi dogo katika kitenge na kuuliza, "Hii waliniambia inalainisha ngozi kwa usiku moja tu. Ni kweli?" Somo hili ni jibu kwa wote wawili.

Kwa nini ngozi yetu inakauka?

Ngozi ya mtu ni kama ukuta wa nyumba. Chembe zake ni matofali, na katikati ya matofali kuna mafuta ya mwili yanayozuia maji yasitoke nje. Mafuta hayo yakiondolewa, maji ya ngozi hutoka kidogo kidogo, nayo ngozi hukakamaa, huwasha na kupasuka.

Hapa Mugunga ukuta huo hupata taabu nyingi. Tunaishi juu ya mawe ya volkano. Mvua ikinyesha, maji hupotea katika mawe, kwa hiyo mama hubeba bidoni mbali na kuoga kwa maji machache. Kiangazi cha mwezi wa 6 hadi wa 8 kinaleta vumbi jeusi la barabara ya Sake. Mikono iko katika sabuni ya kufulia, katika omo, katika majivu na makala. Miguu iko katika sandali wazi juu ya mawe makali. Sabuni kali ndiyo adui wa kwanza, maana haiondoi uchafu peke yake. Inaondoa na mafuta ya mwili.

Tena, usiku ngozi hupoteza maji kuliko mchana. Ndiyo sababu kuwashwa kunazidi ukiisha kulala, na ndiyo sababu usiku ni saa nzuri ya kuitunza.

Mafuta yanafanya kazi gani?

Wengi wanafikiri mafuta yanaleta maji ndani ya ngozi. Sivyo. Mafuta ni kama kifuniko cha sufuria. Ukifunika sufuria tupu, utapata nini? Hakuna kitu. Lakini ukifunika sufuria yenye maji, maji yanabaki. Basi ukipaka mafuta juu ya ngozi iliyokauka kabisa, umefunika sufuria tupu. Kwanza maji, halafu kifuniko.

Jambo hili si geni. Soma kitabu cha Ruthu, sura ya 3. Naomi alipomtayarisha mkwe wake alimwambia aoge, kisha ajipake mafuta, kisha avae nguo. Ona mpango wake: maji, mafuta, nguo. Nasi tutafuata mpango huo huo.

Namna ya kufanya jioni

1. Chukua maji ya vuguvugu, si ya moto. Maji ya moto yanayeyusha mafuta ya mwili. Kwa miguu tu, lita mbili katika beseni zinatosha.

2. Tumia sabuni ya kuogea kidogo, tena mahali penye jasho na uchafu tu: makwapa, sehemu za siri kwa nje, na nyayo. Mikono na miguu mikavu haihitaji sabuni kila siku. Usisugue kwa jiwe mpaka damu.

3. Kama visigino vimepasuka, viloweshe kwa dakika 10.

4. Jipanguse kwa kitambaa safi kwa kugusagusa tu. Acha ngozi iwe na unyevu kidogo.

5. Paka mafuta mara moja, kabla ya dakika 3 kupita. Usingoje kupika wala kulaza watoto. Ukingoja, maji yamekwisha kwenda.

6. Vaa soksi za pamba zilizofuliwa, au funga miguu kwa kitambaa safi, ulale. Usifunge kwa mfuko wa plastiki.

Mafuta gani? Vazelini ya kawaida isiyo na harufu ndiyo kifuniko chenye nguvu, na bei yake si kubwa. Kiasi cha harage moja kinatosha mkono mmoja. Mafuta ya mbegu za mchikichi ni mazuri pia, kama ni masafi na hayajachacha. Ukiwa na gliserini, changanya kijiko kimoja na vijiko viwili vya maji yaliyochemshwa na kupoa. Tengeneza kidogo, na baada ya siku 3 mwaga yaliyobaki. Mwenye chunusi asipake vazelini usoni.

Usipake limau. Limau huunguza ngozi, na jua likipiga huacha madoa meusi. Usipake mafuta katika mikunjo yenye jasho, kama chini ya maziwa na kati ya vidole vya miguu, maana pale unyevu unakaribisha kuvu. Usipake mafuta juu ya kidonda kinachotoa usaha, kuja tukione.

Jaribu mwenyewe kwa siku saba

Mimi sitaki uamini kwa sababu muganga amesema. Nataka uone kwa macho yako.

Usiku wa kwanza, paka mafuta yako kidogo ndani ya mkono, karibu na kiwiko, mahali padogo kama franka ya chuma. Asubuhi tazama. Kama pamekuwa pekundu, pamevimba au panawasha, mafuta hayo si yako. Kama pametulia, endelea.

Sasa, kwa usiku saba, fanya mpango wote kwa mguu wa kushoto: maji, mafuta, soksi. Mguu wa kulia ufanye kama desturi yako ya siku zote. Kila asubuhi chora mstari mwepesi kwa ukucha juu ya muundi wa kila mguu, bila kukwaruza. Ngozi kavu itaonyesha mstari mweupe kama chaki. Ngozi yenye unyevu haitaonyesha, au itaonyesha kidogo tu.

Siku ya nane linganisha miguu miwili. Kama wa kushoto umelainika, fanya hivyo kwa yote miwili. Kama inalingana, usipoteze franka zako kwa mafuta zaidi. Kuja tutafute sababu nyingine. Visigino vyenye nyufa za kina vinahitaji majuma kadhaa, usikate tamaa mapema.

Angalia moto!

Nguo, soksi na mablanketi yaliyoingia vazelini au mafuta hushika moto upesi sana, na kufua hakuondoi mafuta yote. Ukiisha kujipaka, usikae karibu na mbabula, wala usilale na mshumaa au koroboi kando ya kitanda. Nyumba zetu nyingi ni za mbao, na watoto wamelala karibu. Zima moto kwanza, ndipo ujipake.

Ile pomadi ya usiku mmoja

Turudi sasa kwa mama mwenye boksi. Ngozi hairudi kuwa nzima kwa usiku mmoja. Dawa inayobadili ngozi yako upesi hivyo, ikaifanya nyororo na nyeupe kwa siku chache, mara nyingi ina kitu kikali ndani yake. Pomadi nyingi za kujichubua zinauzwa kwa jina la kulainisha.

Yako makali matatu ya kujua. La kwanza ni klobetasoli na betametasoni. Hizi ni dawa za kweli, muganga anaweza kuziandika kwa ugonjwa fulani, kwa siku chache na mahali padogo. Lakini mama akizipaka mwili mzima kwa miezi, ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi, inapata michirizi, na vidonda vinachelewa kupona, hata mshono wa mama aliyezaa kwa kupasuliwa. Dawa inaingia katika damu. Inaweza kupandisha sukari na presha. Mjamzito akitumia nyingi, mtoto anaweza kuzaliwa na kilo ndogo.

La pili ni hidrokinoni. Ikitumika muda mrefu, inaweza kuleta madoa ya rangi ya buluu na nyeusi ambayo hayatoki. Madaktari wa Afrika Kusini waliandika juu ya madoa hayo mwaka 1975, na mwaka 1990 nchi yao ikaikataza katika vipodozi. Jirani zetu Rwanda nao wameikataza.

La tatu ni zebaki. Hii ni sumu ya figo na ya ubongo. Haikai kwa mama peke yake. Inapita kwa mtoto tumboni, na baada ya kuzaa inapita kwa mikono, kwa taulo na kwa shuka. Mtoto ananyonya mkono wa mama, naye amekula sumu ambayo hakuinunua.

Kwa hiyo usinunue pomadi isiyo na maandishi ya vitu vilivyomo, wala ile iliyopimwa kwa kijiko kutoka katika ndoo. Kama huwezi kusoma boksi, ulete kliniki. Hatutakucheka wala kukugombeza. Na kama umekwisha tumia pomadi kali mwili mzima kwa miezi mingi, usiache kwa ghafla ukiwa peke yako. Mwili unaweza kudhoofika vibaya. Kuja kwanza, tukuonyeshe namna ya kuacha.

Mama, rangi uliyopewa na Mungu si ugonjwa. Tunatibu ukavu, hatutibu rangi.

Si kila ukavu ni wa mafuta

Hapa sikiliza sana, maana hapa watoto wanapotea.

Nakumbuka mama mmoja aliyekuja asubuhi na mtoto wa miezi minane. Ngozi ya mtoto ilikuwa kavu, na mama alikuwa amempaka mafuta usiku kucha, mara tatu. Mtoto aling'aa, lakini macho yalikuwa yameingia ndani. Nilipofinya ngozi ya tumbo na kuiachia, ilirudi polepole. Alikuwa ameharisha siku mbili. Ukavu wake haukuwa wa ngozi. Mwili wote ulikuwa umeishiwa maji. Tulimpa serum, naye akapona, lakini masaa machache zaidi yangemwondoa. Mama yule hakuwa mzembe. Alimtunza mtoto wake usiku kucha, ila hakuna mtu aliyekuwa amemfundisha tofauti.

Basi jifunze tofauti. Mtoto anayeharisha au kutapika, mwenye macho ndani, mdomo mkavu, anayelia bila machozi au anayelegea, hahitaji mafuta. Anahitaji maji ya kunywa yenye chumvi na sukari, leo hii. Mpe pakiti ya serum ya kunywa kutoka kliniki. Kama huna, weka katika lita moja ya maji safi vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mpe kidogo kidogo, endelea kumnyonyesha, na umlete upesi. Sisi wa Goma hatuwezi kusahau mwezi wa 7 wa mwaka 1994, kipindupindu kilipoua maelfu ya wakimbizi. Maji yakitoka mwilini kwa namna hiyo, hakuna mafuta yanayoweza kuyazuia.

Kuja pia kliniki bila kukawia ukiona haya:

– Mtoto mwenye miguu iliyovimba na ngozi inayobanduka. Huo ni utapiamlo. Anahitaji matibabu na chakula.
– Kuwashwa usiku kwa watu wote wa nyumba, na vipele kati ya vidole. Huo ni upele, na nyumba nzima hutibiwa kwa siku moja.
– Homa pamoja na vipele vyenye maji au usaha. Mpox ilifika Goma mwaka 2024. Usipake mafuta, usiazimane taulo, usilaze mgonjwa kitanda kimoja na wengine.
– Mwenye ugonjwa wa sukari akiwa na ufa au kidonda mguuni, hata kama hakiumi.

Maswali ya kukumbuka

1. Kwa nini tunapaka mafuta kabla ngozi haijakauka kabisa?
2. Mguu wa kulia unafanya kazi gani katika jaribio la siku saba?
3. Kwa nini tunazima mshumaa kabla ya kujipaka vazelini?
4. Zebaki iliyo katika pomadi ya mama inamfikiaje mtoto?
5. Utajuaje kwamba ukavu wa mtoto ni wa mwili wote na si wa ngozi tu?

Kama umejibu yote matano, umehitimu. Usiweke elimu hii chini ya kitanda. Mfundishe jirani yako mnapokwenda kuteka maji. Siku ya kliniki ijayo tuonyeshe miguu yote miwili, wa kushoto na wa kulia, nasi tutafurahi pamoja nawe. Bwana akulinde wewe na watoto wako.