Mwenye Ufunguo Apishwe: Somo Kutoka Ndani ya Kompyuta



Ndugu msomaji, mimi nasoma masomo ya Kiislamu, si kompyuta. Lakini muhula huu ndugu ninayekaa naye chumba kimoja alinieleza jambo la fani yake lililonifafanulia kanuni moja ya usuli-l-fiqhi.

Ndani ya mfumo endeshi wa kompyuta kuna kiini kiitwacho kerneli. Kazi yake mojawapo ni kugawa zamu za prosesa. Kazi zinazogombea zamu huitwa nyuzi, na kila uzi una daraja lake la kipaumbele. Wa juu ukiwa tayari, wa chini huupisha. Lakini uzi unaosubiri kitu hulazwa: kerneli huutoa kwenye foleni mpaka kitu hicho kipatikane. Ukiwa umelala, daraja lake haliusaidii.

Hatari iko hapo. Tarehe 4 Julai 1997 chombo cha Marekani, Mars Pathfinder, kilitua kwenye sayari ya Mirihi. Siku chache baadaye kompyuta yake ikaanza kujizima na kujiwasha upya. Uzi wa chini, wa kukusanya habari za hali ya hewa, ulikuwa umeshika kufuli la njia ya taarifa. Uzi wa juu, unaosimamia njia hiyo, ukalihitaji kufuli hilo, ukalala kulisubiri. Mara nyuzi za kati, za mawasiliano, zikaamka na kuchukua prosesa, kwa kuwa zinauzidi ule wa chini. Basi wa chini ukakosa zamu ya kuliachia kufuli, na wa juu ukabaki umelala. Saa ya ulinzi ilipoona kazi kubwa haijafanyika, ikaiwasha kompyuta upya.

Wahandisi waliliibua tatizo hilo hapa duniani kwenye kompyuta ya mfano, kisha wakatuma marekebisho: urithi wa kipaumbele. Uzi wa chini ulioshika kufuli linalosubiriwa na wa juu hupewa daraja la yule wa juu mpaka uliachie. Kisha hurudi mahali pake.

Nilipofika hapo nikaikumbuka kanuni: jambo ambalo wajibu hautimii bila ya hilo, nalo huwa wajibu. Kutafuta maji ni kazi ya kawaida. Lakini wakati wa swala ukiingia, nawe huna udhu, kutafuta maji hurithi hukumu ya swala yenyewe.

Nasi yalitukuta. Ijumaa moja, ndugu wa mwaka wa kwanza ndiye aliyekuwa na ufunguo wa chumba cha kuswalia. Sisi wa kamati tulimtuma kuchapisha vipeperushi, kisha tukampa viti vya mhadhara wa jioni abebe. Hakuna aliyeuliza ufunguo uko wapi. Khatibu akasimama mlangoni juani, na waumini nyuma yake. Tulipompata kijana, tukamkemea, na mimi nilikuwa wa kwanza. Kumbe aliyachelewesha yale kwa kututii sisi. Nimeshamwomba radhi.

Ndugu zangu, kabla ya kumtuma mtu, tujiulize: jambo letu kubwa la leo linamsubiri nani? Huyo, hata akiwa mdogo wetu kuliko wote, tumpunguzie kazi na tumpishe njia.

Wabillahi tawfiq.