Unauza spika mtandaoni? Jua kwanza mteja atazilisha nini

Leo tuko na wale wanaouza spika, amplifaya, sabufa na redio za mtumba kupitia WhatsApp na Instagram. Somo hili mimi lilinitoa jasho, wewe lichukue bure.

Desemba iliyopita nilimuuzia mzee mmoja wa Marangu amplifaya na spika mbili kubwa, mzigo wa 380,000. Mnaijua Desemba ya huku Kilimanjaro: watoto wanapanda kutoka Dar, na kila nyumba kule migombani inataka muziki. Nikaujaribu mzigo hapa Moshi mjini, uko vizuri, nikaupakia kwenye Noah ya Marangu Mtoni. Kesho yake simu ikaita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kijana, hizi spika zako zinakoroma. Kwaya inasikika kama iko ndani ya pipa. Njoo uchukue vitu vyako, unirudishie hela yangu."

Hela yenyewe nilishainunulia mzigo mwingine! Ikabidi nipande mwenyewe. Kufika, nakuta simu imeunganishwa kwa Bluetooth, programu ya muziki ni ya bure, ubora wa sauti umeachwa ujichague wenyewe, na nyumba iko bondeni ambako mtandao unaingia kwa kuvizia. Nikamuuliza, "Mzee, una CD yoyote humu ndani?" Akatoa CD ya kwaya ya usharika wao na deki ya zamani. Tukaiunganisha kwa waya. Sauti ikatoka safi mpaka mama akaja kutoka jikoni kuangalia kuna nini.

Kumbe spika hazikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu: niliuza spika bila kuuliza zitalishwa nini. Sasa twende kwenye somo.

1. JUA NAMBA MOJA: KILOBITI KWA SEKUNDE

Hii ndiyo inayoonyesha muziki mwingi kiasi gani unafika kwenye spika. Spotify kwa mfano ina ngazi hizi: ya chini kabisa 24, ya kawaida 96, ya juu 160, ya juu kabisa 320, na hiyo 320 ni ya wanaolipia. Ukiiacha ijichague, mtandao ukidhoofika inashuka. Kwenye spika ya simu huwezi kugundua haraka. Kwenye spika kubwa uchafu wote unasikika.

Kujua bando litaliwa kiasi gani, zidisha kilobiti kwa 0.45, unapata MB kwa saa:
• 96 = MB 43 hivi
• 160 = MB 72
• 320 = MB 144
• Sauti kamili ya kiwango cha CD, isiyopunguzwa = mara nyingi MB 300 mpaka 400 na zaidi

Mwambie mteja hizi hesabu kabla hajanunua. Mteja akijua bando lake litaishaje, hatakuja kukulaumu wewe.

2. PROGRAMU ZENYEWE

Spotify: ipo Tanzania tangu 2021. Rahisi kutumia, na ya bure ina matangazo. Kuanzia Septemba 2025 wameanza kuwapa wanaolipia sauti isiyopunguzwa, nchi kwa nchi.

Apple Music: ilifika Tanzania 2020, na inafanya kazi hata kwenye Android. Tangu 2021 sauti isiyopunguzwa imo ndani ya malipo ya kawaida, ila lazima uiwashe kwenye mipangilio, pameandikwa Lossless. Kwa mteja mwenye waya mzuri na intaneti ya nyumbani, hii ni ya kumtajia.

Boomplay: ilianza Nigeria 2015, na simu nyingi za TECNO, Infinix na itel zimekuwa zikija nayo. Nguvu yake ni muziki wa Afrika. Anayetaka bongo fleva na injili, mwanzishie hapa.

Mdundo: ilizaliwa Nairobi. Mteja anapakua MP3 bure, anavumilia tangazo. Inamfaa anayeishi pasipo na mtandao wa uhakika: anashuka mjini, anapakua, anapanda nazo.

YouTube: kwaya za sharika na zilipendwa nyingi utazikuta hapa kuliko kwingine. Ila ubora unategemea aliyepandisha. Kama alirekodi kwa simu katikati ya ibada, hakuna spika itakayorekebisha. Na video inakula bando kuliko sauti peke yake.

Kumbuka pia, nyimbo za akina Mbaraka Mwinshehe zilirekodiwa miaka ya 1960 na 1970. Mteja asitegemee zisikike kama za leo, hata alipie programu ya bei gani.

3. NJIA YA KUFIKISHA SAUTI

Bluetooth ni rahisi, lakini inabana sauti njiani. Mtu akilipia sauti isiyopunguzwa halafu akairusha kwa Bluetooth, nusu ya faida inaishia hewani. Waya wa AUX wenye vichwa viwili upande wa pili, chekundu na cheupe, ni wa bei ndogo na hauna longolongo. Simu isiyo na tundu la headphone inahitaji kiunganishi kidogo, mara nyingi cha USB-C. Nikiuza amplifaya siku hizi waya naufunga humohumo kwenye boksi na kuuweka kwenye bei.

4. MUZIKI ALIONAO MWENYEWE

Mteja mwenye CD zake na kompyuta hahitaji bando kabisa. Anaziingiza kwenye kompyuta kwa mfumo wa FLAC, ambao unapunguza ukubwa wa faili bila kutupa sauti. Kuzipiga anatumia VLC au foobar2000, zote za bure. Huyo mzee wa Marangu ndivyo tulivyomfanyia. Mjukuu wake aliyekuja likizo aliifanya kazi hiyo kwa jioni mbili.

5. TAHADHARI

Usimpe mteja "ofa" ya flashi iliyojaa nyimbo ulizokusanya mtaani. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 ipo na COSOTA wapo. Na mteja mwenye baa au saluni mwambie mapema: malipo ya mwezi ya programu hizi ni ya kusikiliza binafsi. Kupiga muziki kwenye biashara kuna kibali chake.

6. MESEJI YA KUNAKILI

Mimi sasa sitaji bei ya mwisho kabla ya kutuma hii:

"Asante kwa kuulizia. Ili nikupe kinachokufaa naomba unijibu matatu: 1) Utasikilizia simu gani, au kompyuta, au deki? 2) Nyumbani mtandao ukoje, una Wi-Fi au bando la simu? 3) Nitajie nyimbo tatu unazozipenda sana."

Hizo nyimbo tatu zitafute mwenyewe kwenye programu unayotaka kumshauri. Zikikosekana, shauri nyingine. Halafu mrekodie video fupi spika zikipiga wimbo wake mmojawapo kwa waya, umtumie kabla ya kusafirisha mzigo. Hiyo ni mauzo, na ni ushahidi pia siku akisema spika mbovu.

Akilalamika, usikimbilie kubishana wala kurudisha hela. Mwambie abadilishe chanzo kwanza: atoe Bluetooth aweke waya, atoe ya mtandaoni aweke CD au faili. Sauti ikisafika, spika ni nzima. Ikiendelea kukoroma, basi kubali, mzigo ni wako, rudisha hela ya mtu.

Yule mzee hakurudisha kitu. Februari akamtuma jirani yake kwangu, na jirani swali lake la kwanza lilikuwa: "Na ule waya unakuja nao?"

Save hii, mtumie mwenzako anayeuza vyombo vya muziki. Na wewe wateja wako wanakulalamikia nini zaidi? Andika kwenye komenti tusaidiane.