Miwani ya uhalisia pepe na mgongo unaokakamaa

SWALI: Daktari, naendesha bodaboda kati ya Matayos na mpaka wa Busia. Nimepatikana na baridi yabisi ya uti wa mgongo. Je, mazoezi ya miwani ya uhalisia pepe yatanipunguzia maumivu?

JIBU: Yanaweza kusaidia, ila tiba ni mazoezi yenyewe, miwani huyafanya yavumilike. Maumivu ya ugonjwa huu huzidi mtu anapopumzika, hasa alfajiri, na hupungua anapojongea. Shida ni kwamba anayeumwa huogopa kujongea. Ubongo ulioshughulishwa na mchezo wa miwani hauzingatii sana maumivu: watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, walilithibitisha hilo kwa majeruhi wa moto waliocheza mchezo wa theluji, SnowWorld. Novemba 2021, mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha programu ya miwani kwa maumivu sugu ya kiuno, ingawa si kwa ugonjwa wako hasa.

Utasema kusahau maumivu si kupona. Ni kweli: miwani haizimi uvimbe unaoweza kuunganisha pingili, hiyo ni kazi ya dawa. Lakini maumivu yakipoa mwili hujongea, na kujongea hulinda mgongo usikakamae. Basi usisubiri miwani ghali. Kila asubuhi jinyooshe na uvute pumzi ndefu. Kati ya safari, shuka kwenye pikipiki utembee. Mwone mtaalamu wa fiziotherapia katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Busia akupangie mazoezi. Na kwa kuwa ugonjwa huu huweza kushambulia macho pia, jicho likiwa jekundu na kuuma, nenda hospitali siku hiyo hiyo.