Mwalimu wa kumfuata mtandaoni

SWALI: Nafundisha fizikia sekondari ya kata, Sengerema. Bando langu dogo. Nimfuate nani?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, anza na Peter Tabichi, Mkenya na mtawa wa Kifransisko. Mwaka 2019 alishinda tuzo ya mwalimu bora duniani, dola milioni 1, akifundisha hisabati na fizikia Keriko, shule ya kijijini huko Njoro iliyokuwa na kompyuta moja tu. Mazingira hayo unayajua. Kwa mtaala wetu, fungua Shule Direct, jukwaa la masomo mtandaoni lililoanzishwa na Faraja Nyalandu. Wengine wapime kwa video tatu: wanafunzi wanauliza maswali? Anayerusha maneno ya hamasa kila asubuhi, mpite. Nawe ukivuka na kivuko cha Kamanga, rekodi somo la kuelea na kuzama.