Hedhi na Upasuaji wa Macho: Je, Tarehe Iahirishwe?

Mtoto wa jicho ndio chanzo kikuu cha upofu nchini Kenya. Trakoma nayo, katika kaunti kame, hugeuza kope zikaingia ndani na kukwaruza jicho kila mtu anapopepesa. Hali zote mbili hutibiwa kwa upasuaji mfupi. Wanawake ndio wanaouhitaji zaidi: kwa trakoma, wao hupofuka hadi mara 4 zaidi ya wanaume, kwa kuwa hukaa karibu zaidi na watoto wadogo wanaobeba maambukizi.

Hata hivyo, mwanamke aliyepewa tarehe huenda akapata hedhi siku hiyo hiyo na kubaki nyumbani, akihofia kwamba damu ya jicho haitakatika. Ikiwa madaktari wamefika kwa kambi ya siku chache tu, kukosa siku moja ni kusubiri miezi mingi. Somo hili linaeleza ni wakati gani hofu hiyo ina msingi na ni wakati gani haina.

Damu ya hedhi hutoka wapi?

Kwa kawaida mzunguko wa hedhi huchukua kati ya siku 21 na 35. Homoni za estrojeni na projesteroni zinaposhuka, utando wa ndani ya mji wa mimba hubomoka na kutoka pamoja na damu. Jambo hilo hutokea ndani ya mji wa mimba pekee. Haimaanishi kwamba damu ya mwili mzima imekuwa nyepesi. Mwanamke aliye katika hedhi akijikata kidole kwa kisu, damu huganda kama siku nyingine.

Ni kweli kwamba viwango vya baadhi ya protini za kugandisha damu hushuka kidogo siku za kwanza za hedhi. Kwa mwanamke mwenye afya, tofauti hiyo ni ndogo mno kuzuia damu isigande.

Jicho lenyewe hutoa damu kiasi gani?

Hutegemea mahali panapokatwa. Konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, haina mishipa ya damu, na lenzi inayotolewa katika upasuaji wa mtoto wa jicho pia haina. Daktari akipitia kwenye sehemu nyeupe ya jicho, damu inayotoka ni kidogo na huzuiwa papo hapo. Kope zina mishipa mingi zaidi, lakini ziko nje, hivyo damu yake huonekana na hukandamizwa kwa urahisi.

Kwa hiyo, hedhi ya kawaida si sababu ya kuahirisha upasuaji wa mtoto wa jicho au wa kope. Kwa upasuaji mkubwa zaidi, kama ule wa kufungua njia ya machozi kuelekea puani, daktari ndiye atakayeamua kama tarehe isogezwe.

Mambo yanayopaswa kuelezwa daktari

Hatari kubwa zaidi hutokana na mambo ambayo mgonjwa huenda akayanyamazia:

1. Hedhi nzito. Kubadilisha sodo kila saa au mara nyingi zaidi, hedhi kupita siku 7, au kutoa mabonge makubwa ya damu si kawaida. Ikiwa pia mwanamke hutokwa damu puani mara kwa mara, au alitoka damu nyingi alipong'olewa jino au alipojifungua, huenda ana ugonjwa wa kurithi unaozuia damu kuganda. Anahitaji kupimwa kabla ya upasuaji. Hedhi nzito pia huleta upungufu wa damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, hemoglobini ikiwa chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu.

2. Dawa za maumivu. Aspirini na ibuprofeni, ambazo wengi humeza kutuliza maumivu ya hedhi, hupunguza uwezo wa damu kuganda. Athari ya aspirini hudumu zaidi ya wiki moja. Parasetamoli haina tatizo hilo. Lakini aliyeandikiwa aspirini au warfarini kwa ajili ya moyo au kiharusi asiiache bila kuambiwa na daktari.

3. Presha na kisukari. Presha iliyopanda ni hatari zaidi kwa jicho lililofunguliwa kuliko hedhi. Dawa za presha zimezwe kama kawaida, isipokuwa daktari aagize vingine.

4. Hedhi iliyochelewa. Huenda ni mimba, na baadhi ya dawa za macho hazifai kwa mjamzito.

5. Maumivu makali ya tumbo. Upasuaji mwingi wa macho hufanywa kwa ganzi, mgonjwa akiwa macho na amelala chali bila kusogea. Asiyeweza kutulia aseme mapema ili asaidiwe au apangiwe siku nyingine.

Siku ya upasuaji

Mwanamke aliye katika hedhi aende na sodo za kutosha na kumwambia muuguzi. Hilo si jambo la aibu. Wauguzi huambiwa kila siku.

Baada ya upasuaji, doa jekundu kwenye weupe wa jicho ni la kawaida na huisha polepole. Lakini maumivu makali, usaha, kuona kupungua ghafla, au damu kuonekana mbele ya mboni ni dalili za kurudi hospitalini siku hiyo hiyo.

Mwenye shaka kuhusu hedhi yake asisubiri siku ya upasuaji. Amwone mhudumu katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu mara tu anapopewa tarehe, ili kama kuna la kupimwa, lipimwe mapema na nafasi yake isipotee.