Ikama ya Walimu na Watumishi Wasio Walimu: Mwongozo kwa Wakuu wa Shule za Sekondari za Serikali

1. Walengwa na lengo

Mwongozo huu ni wa Wakuu wa Shule za sekondari za serikali Tanzania Bara, Makamu wao na walimu wa taaluma. Kila mwaka Halmashauri hudai taarifa ya ikama, na taarifa hiyo ndiyo msingi wa maombi ya vibali vya ajira, ya uhamisho wa ndani na ya bajeti ya mishahara kwa mwaka wa fedha unaoanza tarehe 1 Julai. Shule inayoandika "tuna upungufu mkubwa wa walimu", bila kutaja somo wala idadi ya vipindi visivyofundishwa, haijampa Afisa Elimu Sekondari hoja ya kuitetea.

2. Hesabuni vipindi kabla ya vichwa

Uwiano wa mwalimu kwa wanafunzi huficha mengi. Shule yenye walimu 30 na wanafunzi 600 ina mwalimu mmoja kwa wanafunzi 20, na kwenye karatasi haina shida. Lakini huenda 22 kati ya walimu hao ni wa sanaa, na Fizikia ina mmoja tu.

Kwa kila somo fanyeni hivi:

(a) Zidisheni idadi ya mikondo kwa vipindi vya somo hilo kwa wiki.
(b) Gawanyeni jibu kwa mzigo wa vipindi ambao mwalimu mmoja anaweza kuubeba, pamoja na kuandaa masomo na kusahihisha.
(c) Linganisheni na walimu waliopo.

Mfano: shule ina mikondo 12, ratiba inatoa vipindi 6 vya Hisabati kwa kila mkondo, na mzigo uliopangwa ni vipindi 24. Mahitaji ni vipindi 72, yaani walimu 3. Akiwepo mmoja, upungufu ni walimu 2, na vipindi 48 kila wiki havina mwenyewe.

Zingatieni mambo matatu. Mwalimu wa masomo mawili asihesabiwe mara mbili. Gawanyeni vipindi vyake kati ya masomo hayo. Kwa Kidato cha Tatu na cha Nne, hesabuni mikondo inayosoma somo husika kweli, kwa kuwa wanaoendelea na Fizikia huwa wachache. Mkuu wa Shule, Makamu na mwalimu wa taaluma wapangiwe vipindi pungufu, na punguzo hilo lioneshwe.

Mtaala ulioboreshwa unaingia kidato kwa kidato. Masomo kama Elimu ya Biashara na Historia ya Tanzania na Maadili yawe na safu zao kwenye jedwali la ikama, hata kama kwa sasa yanafundishwa na walimu wa masomo mengine.

3. Watumishi wasio walimu wawe kwenye jedwali hilohilo

Pengo la mtumishi asiye mwalimu huzibwa na mwalimu. Pasipo mtunza stoo, mwalimu hushika funguo na kupokea mahindi na maharage. Pasipo mhasibu, mwalimu huandaa malipo na kuingiza taarifa kwenye mfumo wa FFARS. Pasipo fundi sanifu wa maabara, mwalimu wa Kemia hupima kemikali, huosha vyombo, kisha ndipo aingie darasani. Kwa kila nafasi iliyo wazi andikeni nani anaifanya kazi hiyo na saa ngapi kwa wiki. Saa hizo ni sehemu ya upungufu wa walimu.

Ulinzi nao upangwe kwa saa. Lindo la usiku la saa 12 kwa siku 7 ni saa 84, ilhali Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Mlinzi mmoja hatoshi.

Shule za bweni zisiache nafasi ya matroni au patroni bila mtu anayefahamika kwa jina usiku kucha. Moto wa bweni la Shule ya Sekondari Idodi, Iringa, Agosti 2009, uliua wanafunzi 12. Kila bweni liwe na mtu mzima mwenye wajibu wa funguo, milango na kuhesabu wanafunzi.

4. Tazameni miaka mitatu mbele

Kustaafu hakuji ghafla: ni miaka 55 kwa hiari na 60 kwa lazima. Andikeni tarehe ambayo kila mtumishi atafikia umri huo. Likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 kwa waliojifungua zaidi ya mtoto mmoja, ipangiwe mbadala mapema. Ruhusa za masomo na uhamisho unaosubiri majibu navyo vionekane.

5. Wakati mkisubiri ajira

Fuateni mpangilio huu: kwanza, gawanyeni upya vipindi ndani ya shule, pili, ombeni uhamisho ndani ya Halmashauri, tatu, kubalianeni na shule jirani kuhusu mwalimu wa kushirikiana, nne, mwalimu wa kujitolea. Huyu wa nne athibitishwe vyeti, apewe barua yenye muda na majukumu, na Bodi ya Shule ijue chanzo cha posho yake kabla hajaanza. Tangu ada ya shilingi 20,000 kwa kutwa na 70,000 kwa bweni ifutwe mwaka 2016, posho hiyo haiwezi kugeuzwa sharti la mwanafunzi kuingia darasani. Mchango wowote wa wazazi ufuate utaratibu wa kibali.

Mikondo ikiunganishwa kwa kukosa mwalimu, andikeni hivyo. Jarada la somo lisioneshe kuwa kimefundishwa kipindi ambacho hakikufundishwa.

6. Kuwasilisha taarifa

Tajeni ziada pia. Shule inayokiri kuwa ina walimu wawili wa Historia zaidi ya inavyohitaji huaminika inapoomba wawili wa Hisabati, na humrahisishia Afisa Elimu kubadilishana na shule nyingine. Ambatisheni ratiba kuu, orodha ya watumishi na tarehe zao za kustaafu, pamoja na muhtasari wa kikao cha Bodi. Nakala moja ibaki kwenye jalada la shule, nayo irekebishwe kila mtumishi anaporipoti au kuondoka.