Karatasi ya Kura na Lugha ya Mpiga Kura

Mtu akisimama asubuhi katika stendi ya mabasi ya Thika husikia Kikuyu, Kikamba, Kijaluo na Kikisii kabla hajamaliza kikombe chake cha chai. Ruiru ni vivyo hivyo. Watu walifuata kazi za kahawa, mkonge, mananasi na viwanda, nao wengi hupiga kura hapo hapo. Lakini karatasi ya kura haichapishwi katika lugha ya kila kabila. Lugha rasmi zitajwazo na Katiba ya mwaka 2010 ni Kiswahili na Kiingereza.

Huko Marekani, sheria ya mwaka 1975 iliamuru karatasi zitafsiriwe mahali penye raia wengi wa lugha za wachache. Kenya ilishika njia ya picha. Katika uchaguzi wa Mei 1963 hata asiyejua kusoma alimtambua jogoo wa KANU. Tangu 2013 mpiga kura hupewa karatasi sita za rangi mbalimbali, nyeupe ikiwa ya Rais na kijani ya Mbunge, zenye sura za wagombea.

Hata hivyo, picha haimwambii mtu ya kuwa akitia alama kwa wagombea wawili kura yake imeharibika, wala ya kuwa hapaswi kuandika jina lake.

Tuseme mama mzee Mkamba, mchuma kahawa, hajui kusoma. Sheria yamruhusu kuingia na msaidizi amchaguaye mwenyewe, aliyetimiza miaka 18. Msaidizi hutia sahihi hati ya ahadi, wala hawezi kumsaidia mpiga kura mwingine. Mama akiwa hana mtu, msimamizi wa kituo humsaidia mbele ya mawakala wa wagombea. Hapo ndipo penye shida, kwa kuwa mawakala husikia atakalo, na jioni mama hurudi kuishi na majirani wale wale. Wazee hawajasahau mlolongo wa mwaka 1988, watu walipojipanga nyuma ya wagombea mchana kweupe. Kwa maoni yetu, afadhali mama aende na mjukuu wake.

Je, karatasi zitafsiriwe? Fikiri kituo chenye Wajaluo watatu tu: karatasi tatu za Kijaluo zikitoka katika sanduku, siri yao imekwisha. Bango la maagizo kwa Kikamba, Kijaluo na Kikisii, likibandikwa mlangoni, halimfichui mtu.